Kamba hukatikia pembamba: Nyuzi za mshipa zinazoamua nani apatwe na mshtuko wa moyo

KATIKA matanga mengi humu nchini, kauli moja hurudiwa na waombolezaji: “Jana tulikuwa naye, alikuwa mzima kabisa.” Marehemu alikula chakula cha jioni, akataniana na wanawe, akalala. Alfajiri akashika kifua, na kabla ya gari kupatikana akawa amekata roho.

Baadhi ya watu huondoka hapo wakinong’onezana kuhusu mkono wa mtu. Wengine husema mshipa wa moyo “uliziba” kwa mafuta, kana kwamba ni bomba la jikoni lililokusanya uchafu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi maji yakakosa njia.

Maelezo hayo ya pili yana ukweli, lakini yameacha nusu ya habari. Lau mshipa ungekuwa ukiziba polepole tu kama bomba, mgonjwa angeonywa mapema kwa kuumwa na kifua kila apandapo ngazi. Mbona basi watu wengi hupatwa na mshtuko wa moyo bila kuwahi kulalamika hata siku moja?

Jibu limo katika tishu-unganishi, yaani nyuzi imara ambazo mwili huzitumia kushikamanisha sehemu zake. Nyuzi hizo ndizo hufunika mafuta yaliyojificha ndani ya ukuta wa mshipa. Zikiwa nene, mtu anaweza kuishi na mafuta hayo hadi uzeeni pasipo kujua. Zikiwa nyembamba, hupasuka, damu ikaganda papo hapo na sehemu ya moyo ikakosa damu.

Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pembamba. Katika maradhi ya moyo, msemo huo ni sahihi neno kwa neno.

Ukuta ulio hai

Ateri ni mishipa inayotoa damu moyoni na kuisambaza mwilini. Zile zinazolisha misuli ya moyo wenyewe huitwa ateri za korona. Licha ya uzito wa kazi yake, si kubwa: zinapoanzia, kipenyo chake huwa kama milimita tatu hadi nne, nyembamba kuliko mrija wa kunywea soda.

Ukuta wa ateri una matabaka matatu. Tabaka la ndani limetandikwa safu moja ya seli bapa zinazogusana na damu. La kati lina misuli laini na nyuzi za elastini, ambazo huuwezesha mshipa kutanuka na kurudi kila moyo unapopiga. La nje ni la tishu-unganishi inayoushikilia mshipa mahali pake.

Protini kuu ya tishu-unganishi ni kolajeni. Hakuna protini iliyo nyingi kuliko hiyo mwilini. Imo katika ngozi, kano, mifupa na gegedu. Molekuli yake moja ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, mfano wa kamba ya katani. Molekuli nyingi hufungamana kuwa uzi mnene, na nyuzi hizo hupishana na kuwa mkeka usioraruka kwa urahisi.

Kwa ufupi, elastini huupa mshipa uwezo wa kunyumbuka, ilhali kolajeni huupa uwezo wa kustahimili. Mshipa unahitaji sifa zote mbili, kwa kuwa moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo ni msukumo mpya dhidi ya ukuta.

Uji chini ya utando

Maradhi huanza pale chembe za kolesteroli ya aina ya LDL, ile iitwayo kolesteroli mbaya, zinapopenya kutoka kwenye damu na kuingia chini ya tabaka la ndani la mshipa. Humo hunaswa na molekuli za tishu-unganishi zilizo na minyororo ya sukari. Kwa hivyo, tishu-unganishi, ambayo baadaye itakuwa ngao, hapa mwanzoni huwa mtego.

Mwili huziona chembe hizo zilizonaswa kama adui. Chembe nyeupe za damu zinazojulikana kama makrofeji hutumwa kuzimeza. Makrofeji hushiba mafuta hadi zikafia humo humo, na mabaki yake pamoja na kolesteroli hugeuka kuwa rojo laini. Uvimbe huo ndani ya ukuta wa mshipa ndio huitwa plaki.

Madaktari wa zamani waliopasua mishipa ya maiti na kukuta rojo hilo waliliita atheroma, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uji. Mwaka wa 1904, mtaalamu wa Ujerumani Felix Marchand aliliunganisha na neno jingine la Kigiriki lenye maana ya ugumu, akaunda jina linalotumika hadi leo: atherosklerosisi. Jina lenyewe basi limebeba pande zote mbili za maradhi haya, ulaini wa uji na ugumu wa nyuzi.

Ugumu huo hutoka wapi? Uvimbe unapoanza, baadhi ya seli za misuli laini huhama kutoka tabaka la kati na kusogea ndani. Zikifika hapo hubadili kazi, zikaanza kutengeneza kolajeni na kuitandaza juu ya rojo. Hivyo ndivyo kinavyojengwa kifuniko cha nyuzi, mithili ya utando unaotanda juu ya uji unapopoa.

Mfano ulio karibu zaidi labda ni wa jipu. Jipu lenye ngozi nene huweza kukaa siku nyingi bila kutoa usaha. Ngozi ikishakuwa nyembamba, watu husema jipu limeiva, na mguso mdogo tu hulipasua.

Tofauti ni kwamba jipu likipasuka mgonjwa hupata nafuu. Plaki ikipasuka, rojo lake hukutana na damu inayopita. Rojo hilo limejaa protini inayochochea damu kuganda, ileile ambayo hutusaidia tunapojikata kwa kisu. Mwili hudhani umejeruhiwa na kukimbilia kuziba jeraha. Bonge la damu hufanyika, na katika mshipa wa milimita tatu bonge hilo halihitaji kuwa kubwa.

Maiti zilizofichua siri

Jioni ya Machi 24, 1844, mchongaji sanamu mashuhuri wa Denmark, Bertel Thorvaldsen, alifariki ghafla akiwa katika ukumbi wa kifalme wa maonyesho mjini Copenhagen. Alikuwa na umri wa miaka 73. Madaktari walioupasua mwili wake waliandika kwamba uvimbe katika ateri ya moyo wake ulikuwa umepasuka na kumwaga rojo ndani ya mshipa.

Maelezo hayo yalikuwa sahihi ajabu, lakini zaidi ya karne moja ilipita kabla ya wanasayansi kuyatilia maanani inavyostahili. Mwaka wa 1966, mtafiti Paris Constantinides alizikata ateri za watu waliofariki kwa mshtuko wa moyo kuwa vipande vyembamba sana, akavichunguza kimoja baada ya kingine kwa hadubini. Aliyafuatilia mabonge ya damu hadi chanzo chake, na akakuta nyufa katika plaki.

Kipimo kamili kilipatikana mwaka wa 1997. Katika jarida la New England Journal of Medicine, Allen Burke, Renu Virmani na wenzao walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 113 wa Marekani waliokuwa na maradhi ya ateri za korona na kufariki ghafla. Pale plaki ilipokuwa imepasuka, walipima unene wa kifuniko kando ya ufa.

Kwa wastani, unene huo ulikuwa mikromita 23, na asilimia 95 ya vifuniko vilivyopasuka havikufika mikromita 65. Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa takriban mikromita 100. Kwa maneno mengine, kilichosimama baina ya watu hao na kaburi kilikuwa na unene wa kama robo ya karatasi.

Tangu hapo, mikromita 65 zimekuwa mpaka ambao wataalamu huutumia kutambua plaki iliyo hatarini kupasuka. Plaki ya namna hiyo huwa na mambo matatu: kifuniko chembamba, rojo jingi chini yake, na makundi ya makrofeji yaliyojipenyeza ndani ya kifuniko chenyewe.

Wajenzi na wabomoaji

Kosa moja ni kukifikiria kifuniko kama zege ambalo fundi amelimwaga akaenda zake. Kifuniko kiko hai. Kila siku nyuzi mpya hutengenezwa na za zamani huvunjwa. Usalama wa mtu hutegemea ni upande gani unaoshinda.

Wajenzi ni zile seli za misuli laini. Ili kolajeni isokotwe barabara, seli huhitaji vitamini C. Mabaharia wa zamani waliosafiri miezi mingi bila matunda wala mboga waliugua kiseyeye: fizi zao zikatoka damu na makovu ya zamani yakafumuka, kwa sababu miili yao haikuweza tena kutengeneza kolajeni iliyo imara.

Wabomoaji ni vimeng’enya vinavyojulikana kama metaloproteinasi. Kimeng’enya cha kwanza cha jamii hiyo kiligunduliwa mwaka wa 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière, nchini Marekani, walipokuwa wakichunguza mkia wa kiluwiluwi wa chura. Kiluwiluwi akikua hupoteza mkia wake, na watafiti hao walitaka kujua nyuzi za mkia huo huenda wapi. Wakabaini kwamba kuna kimeng’enya kinachoikata kolajeni, kamba ambayo vimeng’enya vya kawaida haviwezi kuikata kwa wepesi.

Vimeng’enya vya jamii hiyo si viovu kwa asili. Bila hivyo jeraha halingepona vyema. Shida hutokea makrofeji zilizosongamana ndani ya plaki zinapovimwaga kwa wingi dhidi ya kifuniko kinachowalinda wote.

Katika miaka ya 1990, Peter Libby na wenzake mjini Boston walionyesha jinsi uhasama huo unavyokuja kutoka pande mbili. Walibaini kwamba aina nyingine ya chembe nyeupe, limfosaiti T, hutoa kemikali iitwayo interferoni gama, ambayo huziamuru seli za misuli laini kupunguza utengenezaji wa kolajeni. Wakati uo huo, makrofeji huzidisha vimeng’enya vya kuikata ile iliyopo. Ni kama fundi aliyefungwa mikono ilhali mbomoaji amekabidhiwa sururu.

Hali hiyo ya chembe nyeupe kuchemka ndani ya ukuta ndiyo madaktari huiita inflamesheni, na ndiyo inayogeuza plaki tulivu kuwa plaki hatari. Aghalabu ufa hutokea pembeni, pale kifuniko kinapoungana na ukuta mzima wa mshipa, kwa kuwa hapo ndipo makrofeji hukusanyika na msukumo wa damu huelemea.

Kifuniko kikishadhoofika, jambo dogo hutosha kukikamilisha: kupanda kwa ghafla kwa shinikizo la damu, hasira, kazi nzito kwa mtu asiyeizoea, au hofu. Mnamo Januari 17, 1994, tetemeko la ardhi lilitikisa eneo la Los Angeles alfajiri. Siku hiyo vifo vya ghafla vinavyohusiana na moyo vilikuwa 24, ilhali wastani katika siku zilizotangulia ulikuwa chini ya vitano. Tetemeko halikuwapa watu hao maradhi, bali liliwakuta nayo tayari.

Ukubwa si hoja pekee

Hapa ndipo imani ya bomba la jikoni inapopotosha. Mwaka wa 1987, Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba plaki inapokua, mshipa hujitanua kwa nje ili kuhifadhi njia ya damu. Njia haianzi kubanika hadi plaki iwe imechukua takriban asilimia 40 ya nafasi iliyozungukwa na ukuta wa mshipa.

Taathira yake ni kubwa. Picha ya kawaida ya mishipa, inayopigwa baada ya dawa maalumu kuingizwa kwenye damu, huonyesha njia pekee. Ukuta hauonekani. Mtu anaweza kuambiwa mishipa yake iko wazi, na kweli iko wazi, ilhali ukutani mna rojo lililofunikwa kwa robo ya karatasi.

Kinyume chake pia ni kweli. Plaki yenye nyuzi nyingi inaweza kuubana mshipa hadi mgonjwa akaumwa na kifua kila anapopanda mlima, lakini ikadumu miaka mingi bila kupasuka. Baadhi ya mibano hiyo ni makovu ya nyufa ndogo ambazo damu iliganda juu yake bila kuziba njia, kisha kolajeni mpya ikajengwa hapo. Mhusika hakuhisi lolote. Nyuzi zilimwokoa, lakini kila zilipomwokoa zilimpunguzia njia.

Hata hivyo, haifai kuvuka mpaka na kudai kwamba ukubwa hauna maana. Utafiti wa PROSPECT, uliochapishwa mwaka wa 2011, uliwafuatilia wagonjwa 697 kwa takriban miaka mitatu. Karibu nusu ya matatizo mapya yalitokea mahali ambapo hapakuwa pametibiwa, na sehemu nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeonekana kuwa na mbano mdogo. Lakini plaki zilizosumbua zaidi ni zile zilizounganisha kifuniko chembamba na wingi wa mafuta ndani ya ukuta. Nyingi zenye kifuniko chembamba pekee hazikuleta madhara katika kipindi hicho.

Kwa hivyo, kifuniko chembamba ni hatari, wala si hukumu. Kinaweza kuvunjika, na kinaweza pia kujengwa upya.

Vilevile, si kila mshtuko wa moyo unatokana na kupasuka. Katika takriban thuluthi moja ya wagonjwa, kifuniko hupatikana kikiwa kizima lakini seli bapa zilizokitandika zimebanduka, na damu ikaganda juu ya nyuzi zilizobaki wazi. Hali hii huonekana zaidi kwa wavutaji sigara na kwa wanawake ambao hawajafikia ukomo wa hedhi.

Chokaa inayojijenga katika plaki nayo ina sura mbili. Punje ndogo ndogo zilizotawanyika ndani ya kifuniko hukidhoofisha, ilhali bamba pana la chokaa mara nyingi huifanya plaki kuwa tulivu.

Kifuniko chaweza kuimarishwa

Habari njema ni kwamba mizani ya wajenzi na wabomoaji inaweza kugeuzwa. Dawa iliyothibitisha hivyo kwanza ni ya jamii ya statini, iliyotokana na kazi ya Mjapani Akira Endo, aliyeipata ya kwanza katika ukungu miaka ya 1970.

Mnamo 1994, matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia uliohusisha wagonjwa 4,444 wa moyo yalionyesha kwamba statini aina ya simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika muda wa takriban miaka mitano. Jambo lililowashangaza madaktari ni kwamba, katika tafiti za picha za mishipa za kipindi hicho, njia ya damu ilikuwa imepanuka kidogo mno. Iweje mshipa ubaki karibu vilevile na hatari ipungue kiasi hicho?

Ufafanuzi ulikuja pale vifaa vipya vilipowezesha kuchungulia ukuta wa mshipa wa mtu aliye hai. Waya mwembamba wenye mwanga maalumu huingizwa hadi kwenye ateri ya moyo na kupima kifuniko kwa usahihi wa mikromita 10 hadi 20. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba kolesteroli mbaya ikishushwa, rojo hupungua, makrofeji hutulia na kifuniko hunenepa.

Katika utafiti wa HUYGENS, uliochapishwa mwaka wa 2022, wagonjwa 161 waliotoka kupatwa na tatizo la ghafla la moyo walifuatiliwa kwa takriban mwaka mmoja. Waliotumia statini pamoja na sindano ya bandia, kifuniko chao kilinenepa kwa mikromita 21.5 kwa wastani. Waliotumia statini pamoja na sindano ya evolokumabu, inayoshusha kolesteroli zaidi, walipata mikromita 42.7. Kwa kifuniko cha unene wa robo ya karatasi, nyongeza hiyo si haba.

Ndiyo maana mtu anayeacha dawa kwa kuwa “anahisi vizuri” hufanya kosa. Dawa hiyo haikukusudiwa kumfanya ahisi lolote. Kazi yake ni ya ukutani, huchukua miezi, na haina dalili ambayo mgonjwa anaweza kuipima kwa hisia zake.

Vipi kuhusu vile vichuma vya wavu, stenti, vinavyopachikwa kupanua mshipa? Kwa mtu ambaye mshtuko wa moyo unaendelea, stenti huokoa maisha. Lakini kwa wagonjwa walio na hali tulivu, utafiti wa COURAGE wa mwaka wa 2007 na ule wa ISCHEMIA wa 2020 ulionyesha kwamba kuongeza upasuaji juu ya dawa hakukupunguza vifo, ingawa kulipunguza maumivu ya kifua. Sababu mojawapo inaeleweka sasa: kichuma hutengeneza mahali pamoja, ilhali maradhi yako katika ukuta mzima.

Mwaka wa 2024, utafiti wa PREVENT uliohusisha wagonjwa 1,606, wengi wao wa Korea Kusini, uliashiria kwamba stenti ikiwekwa mapema kwenye plaki zilizotambuliwa kuwa dhaifu huenda ikapunguza matatizo. Matokeo hayo yamefufua mjadala, lakini hayajaifanya kuwa tiba ya kawaida.

Kuhusu kutuliza inflamesheni, utafiti wa CANTOS wa 2017 ulithibitisha kwamba dawa inayoilenga moja kwa moja hupunguza mishtuko ya moyo, ijapokuwa iliongeza maambukizi hatari. Dawa ya kale ya jongo, kolchisini, nayo ilionyesha manufaa katika tafiti za 2019 na 2020, na Marekani ikaiidhinisha kwa ajili ya moyo mwaka wa 2023. Hii si dawa ya kujinunulia dukani, kwa kuwa kipimo kikizidi huwa sumu.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa kolajeni ndiyo ngao na vitamini C ndiyo chombo cha fundi, mbona tusinunue vidonge na unga wa kolajeni? Kolajeni ikiliwa husagwa tumboni kama protini nyingine yoyote, na hakuna ushahidi kwamba huenda kuimarisha plaki. Kuhusu vitamini C, utafiti uliofanyiwa madaktari wanaume zaidi ya 14,000 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2008 haukuona ikipunguza mishtuko ya moyo. Fundi aliye na saruji ya kutosha hafaidiki kwa kuongezewa magunia. Anachohitaji ni mbomoaji kuondolewa.

Hali ya Afrika Mashariki

Kuna wakati maradhi haya yalikuwa nadra katika eneo letu. Mwaka wa 1960, watafiti walilinganisha maiti 632 zilizochunguzwa nchini Uganda na idadi kama hiyo mjini St. Louis, Marekani, wakizingatia umri na jinsia. Huko St. Louis walipata mioyo 136 iliyokuwa imepatwa na mshtuko. Nchini Uganda walipata mmoja tu.

Takwimu hiyo haimaanishi kwamba mishipa ya Mwafrika imeumbwa kwa nyuzi tofauti. Mazingira ndiyo yaliyokuwa tofauti, na sasa yamebadilika. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulibaini kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakitibiwa.

Utafiti wa INTERHEART wa mwaka wa 2004, uliohusisha nchi 52 zikiwemo za Afrika, ulionyesha kwamba mambo tisa yanayoweza kupimwa na mengi yake kurekebishwa, yakiwemo uvutaji sigara, mafuta mabaya katika damu, shinikizo la damu na kisukari, yanaeleza takriban asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa kwanza wa moyo kwa wanaume, na zaidi kidogo kwa wanawake.

Ukiyatazama mambo hayo kwa jicho la kifuniko, kila moja lina kazi yake. Kolesteroli huongeza rojo. Moshi wa sigara huzichokoza chembe nyeupe na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Kisukari huchochea inflamesheni. Shinikizo la damu hulivuta kila upande lile kovu jembamba, mara 100,000 kwa siku.

Kwa sababu hiyo, hatua zinazopendekezwa na madaktari si geni: kupimwa shinikizo la damu, sukari na kolesteroli, kuacha sigara kabisa, kutembea na kufanya kazi za mwili, kupunguza chumvi na mafuta ya kukaangia yanayorudiwa, na kwa aliyeandikiwa dawa, kuzimeza kila siku bila kujipa likizo.

Aidha, dalili zisipuuzwe. Kifua kubana kama kilichowekewa jiwe, maumivu yanayosambaa hadi mkono, shingo au taya, jasho baridi, kichefuchefu na kuhema ni sababu za kwenda hospitalini mara moja. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine huhisi uchovu au kiungulia tu, wakadhani ni gesi au vidonda vya tumbo. Bonge la damu linaweza kuyeyushwa au kuondolewa, lakini kila dakika inayopita sehemu nyingine ya moyo hufa.

Basi tutakaposikia tena kwamba jirani alikuwa mzima jana, tukumbuke kwamba huenda alikuwa mzima kweli kwa jinsi alivyojihisi. Kamba ilikuwa ikichakaa mahali ambapo jicho halifiki. Pembamba pake pangeweza kunenepeshwa, polepole na bila yeye kuhisi chochote, lau angepimwa mapema na mbomoaji akazuiwa.